Zamu Niliyompa Hidaya

Asimwe mwanangu,

Mambo ya safari sikuandikii. Shuka, sufuria ndogo, dawa ya mafua, namna ya kulilinda begi ndani ya meli, yote hayo baba yako ameshakueleza mpaka umemchoka, na shangazi yako atayarudia kesho bandarini. Mimi nataka kukuandikia habari moja tu. Wiki nzima nimejaribu kukueleza kwa mdomo, na kila nikianza najikuta namenya ndizi ambazo hakuna atakayezila.

Ijumaa iliyopita, uliporudi kutoka kuwaaga wenzako, ulipishana na Ma Hidaya mlangoni. Ulimsalimu, akakushika uso kwa mikono miwili kama alivyokuwa akifanya zamani, akaondoka bila kusema neno. Ukaniuliza, "Mama, Ma Hidaya alifuata nini?" Nikakujibu kwamba alikuja kukuaga. Uliniangalia vile unavyoniangalia ukijua nimekupunja. Ni kweli nilikupunja. Alikuja kwa jambo jingine, na jambo hilo huwezi kulielewa mpaka ujue zile Nyumba za Ushirika zilianzaje, na kwa nini sisi tuliofyatua matofali yake hatumo ndani.

Wewe unakumbuka vya kitoto. Unakumbuka udongo, nyimbo, na kukatazwa kusogelea tanuri. Ngoja nikupe vilivyobaki.

Kabla ya tetemeko tulikuwa tumepanga mjini, si mbali na soko, kwenye nyumba yenye ua mmoja na familia mbili. Upande mmoja mimi na baba yako, upande wa pili Hidaya na mumewe Swalehe. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni, nimetoka Izigo nikiwa sijui hata pa kununua mkaa. Hidaya alizaliwa mjini. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa Mhaya, hakurudi tena. Kwa hiyo Hidaya alikuwa na Kihaya cha kuchekesha na Kiswahili ambacho sisi walimu tulikuwa tunakionea wivu. Alikuwa nesi. Siku uliyozaliwa yeye ndiye aliyekuwa kazini wodini, na mikono ya kwanza kukushika hapa duniani ilikuwa yake. Hata hamu yako ya uuguzi najua ulikoitoa. Ulikuwa ukimvizia akirudi kutoka hospitali ili akubandike ile saa yake ya kifuani.

Nikisema tulikuwa marafiki nitakuwa nimepunguza. Alikuwa na ufunguo wa kwangu. Mama yangu alipougua na kuletwa mjini, Hidaya ndiye aliyekuwa akimwogesha, na bibi yako, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu, alikuwa akimwita "omwana wange", mwanangu, neno ambalo mimi mwenyewe nililisikia kwa nadra.

Tetemeko lilitukuta mchana. Ukuta uliotenganisha chumba chao na chetu ulianguka wote kwa pamoja. Vumbi lilipotulia nikamwona Hidaya upande wa pili, amesimama na mimba yake kubwa, ameshikilia mlango wa kabati. Akasema, "Edna, sasa tumekuwa chumba kimoja." Ndivyo alivyokuwa. Tulicheka kwanza, halafu ndipo tukalia.

Tukahamia uwanjani, chini ya turubai, pamoja na watu wengi ambao nyumba zao zilianguka au hazikufaa tena kulalwa. Twaha alizaliwa tukiwa huko. Mvua zilipoanza, wenye nyumba wakaanza kuwaita wapangaji wao warudi. Walikuwa wamepiga plasta juu ya nyufa na kupaka chokaa, na kodi ilikuwa imepanda. Tulikuwa kwenye foleni ya maji Hidaya aliposema kwa sauti, si kwangu peke yangu, "Hivi kweli tunarudi kulipia nyufa?"

Mama mmoja muuza dagaa, mtu wa Kemondo, akamjibu, "Sasa twende wapi, waitu, mwenzetu?"

"Tujenge."

Watu wakacheka. Lakini jioni ile walikuja turubaini kwetu mmoja mmoja kumuuliza alikuwa na maana gani.

Hivyo ndivyo ushirika ulivyoanza. Haukuanzishwa na mheshimiwa wala mfadhili. Walikuwa walimu wa shule za msingi, wafagizi wa hospitali, akina mama wa sokoni, madereva kama baba yako, vijana wa bodaboda. Walikuwamo Walutheri, walikuwamo Waislamu, na walikuwamo watu ambao sikuwahi kujua wanasali wapi. Tulichanga kidogo kidogo mpaka tukapata lile eneo la mteremkoni kupita Kahororo, ambalo wakati ule lilikuwa nyasi na mbuzi. Katika mkutano wa kwanza Hidaya alichaguliwa mwenyekiti bila mpinzani. Mpaka leo naweza kukusomea kwa kichwa alichosema siku ile: "Nyumba hizi haziuzwi. Ukihama, unamwachia anayefuata kwenye foleni. Hatufyatui matofali ili fulani apate. Tunafyatua mpaka wote wapate." Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Basi tukafyatua. Kila Jumamosi tulishuka bondeni kwenye udongo. Wanaume walichimba na kukanyaga, sisi tukajaza vibao vya kufyatulia, watoto mkaezeka majani ya migomba juu ya matofali mabichi ili jua lisiyapasue. Baba yako alikuwa akitoka Kemondo na lori la tajiri wake, na kila alipopata ruhusa alipitia mchanga akatumwagia. Wakati wa kuchoma tanuri tulipeana zamu ya kulilinda, na hapo ndipo nilipojua majina ya watu, watoto wao, magonjwa yao. Nilikuwa mwalimu wa mjini miaka kadhaa, lakini Bukoba niliijulia pale bondeni, mikono ikiwa imekauka udongo. Sitaki uamini kwamba yalikuwa mabaya tangu mwanzo. Yalikuwa mazuri. Laiti yangekuwa mabaya, ningekuwa nimeshasahau.

Safu za kwanza za nyumba zilipopauliwa, tulipiga kura ya nani aingie mwanzo. Jina letu lilitoka mapema sana. La Hidaya lilitoka karibu na mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa anachomoa vikaratasi vya majina, kwa hiyo kila mtu aliona kwamba hakujipendelea, na watu walimsifu kwa hilo.

Wakati ule Twaha alikuwa na kifua kibaya. Walikuwa wamerudi kupanga kwenye chumba chenye unyevu, na mtoto alikuwa akikohoa mpaka anageuka rangi. Nilimkuta Hidaya asubuhi moja amekaa kwenye ngazi ya nyuma ya wodi, amevaa sare yake, analia bila sauti. Nesi mzima, anajua kila dawa, na hana ukuta mkavu wa kumlaza mwanawe. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba yako kwamba zamu yetu nampa Hidaya, na sisi tutachukua ya kwake.

Baba yako aliweka kikombe chini. "Umeshamwambia?"

"Bado."

"Basi usimwambie kwanza. Twende kwenye mkutano, tuseme mbele ya watu, iandikwe."

"Elieza, mtu ana mtoto mgonjwa, mimi nikamsimamishe mbele ya mkutano kama mtu aliyeomba sadaka?"

Akasema, "Sawa. Ni mkono wako na rafiki yako." Hakulirudia tena, na hata baadaye, alipokuwa na haki yote ya kulirudia, hakulirudia. Katika mambo ninayomheshimu baba yako, hilo liko juu.

Tukamalizana mimi na Hidaya pale uani kwetu. Nilimpa ufunguo wa nyumba mpya mkononi. Alinikumbatia, akasema, "Edna, hii nimekushikia tu. Zamu yako ikifika mtahamia karibu yetu, na mimi nitautoboa ukuta tena." Kamati ilipouliza, tuliwaambia tumebadilishana, wakasema kama wenyewe tumekubaliana wao hawana neno. Ikaishia hapo.

Sisi tukaendelea kupanga na kungoja. Sikungoja kwa uchungu, nataka ulijue hilo. Nyumba ziliongezeka mpaka ukisimama barabarani unaona mji mdogo: safu juu ya safu, bati jipya likimeremeta, tangi la maji la pamoja, shule ya chekechea, ukumbi ulio wazi pande zote. Watu walikuja kutoka Muleba na ng'ambo ya ziwa kuja kutazama. Hidaya alikuwa akiwatembeza, na kila mara alimaliza na lile neno lake, mpaka wote wapate. Msingi wetu nao ulichimbwa, kule chini kwenye sehemu tambarare, pamoja na misingi ya wengine waliobaki. Tulikupeleka ukachague chumba. Ulisimama ndani ya msingi, kwenye nyasi, ukanyoosha kidole upande wa ziwa ukasema, "Dirisha langu liwe hapa."

Sasa sijui nikuambie ni siku gani mambo yaligeuka, kwa sababu haikuwa siku. Waliokwisha kuingia kwenye nyumba walianza kupungua Jumamosi bondeni. Kwanza walituma watoto wao wakubwa. Baadaye wakawa wanatuma maji ya kunywa na salamu. Mwishowe hawakutuma kitu. Tuliobaki tukawa wale tu ambao hatukuwa na nyumba, na matofali yakawa yanatoka machache. Ukikutana nao mjini wanakuambia, "Pole na kazi, Mwalimu," kama kazi ile ilikuwa yangu.

Halafu barabara ikawekwa lami, na eneo ambalo hakuna aliyelitaka likawa linatakiwa. Nikasikia kwenye chumba cha walimu kwamba kuna tajiri anayeulizia ile sehemu tambarare, na kwamba baadhi ya wanachama wanataka kila mtu apewe hati ya nyumba yake, auze akitaka kuuza, ushirika ufungwe. Mwalimu mwenzangu akaniuliza, "Na ninyi mliobaki?" Nilicheka. Nilimwambia, "Mwenyekiti ni Hidaya." Nilidhani nimemjibu.

Siku moja kabla ya mkutano mkuu Hidaya alikuja kwetu. Alikula ndizi na maharage, akasifia. Alikukalisha chini akakusuka, akakuuliza habari za mitihani. Aliniuliza kama Izigo mvua zimenyesha na kama kibanja kimepona ule ugonjwa wa migomba. Wakati wa kuondoka aliushika mkono wangu muda mrefu mlangoni. Nikadhani amechoka. Nikamwambia, "Kapumzike, kesho una kazi." Akasema, "Ndiyo. Kesho nina kazi."

Mwanangu, katika yote yaliyonipata, hapo ndipo panaponiuma. Sahani yangu ilikuwa mapajani mwake.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Walikuja hata watu ambao sikuwa nimewaona mwaka mzima, wamevaa nguo za kanisani. Hidaya alisimama, akalisoma pendekezo kutoka kwenye karatasi, yeye ambaye hakuwahi kusoma hotuba: kila mwenye nyumba apewe hati yake, eneo la chini liuzwe ili kugharamia upimaji na hati, wanachama ambao hawajajengewa wapewe kifuta jasho, ushirika uvunjwe. Alisoma vizuri. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kama siku zote.

Nikasimama. Nikauliza, "Hidaya, katika maneno hayo uliyosoma, mimi niko wapi?"

Hakuniangalia. Alisema, "Mwalimu, tunaomba tuheshimu utaratibu. Maswali yatapokelewa mwishoni."

Mwalimu. Mtu aliyekuwa akinikuna mgongo nikiwa na mimba aliniita Mwalimu mbele ya watu wote wale, kana kwamba nimekuja kufuatilia karo ya mtoto wake.

Nikasema, "Hapana, nijibu sasa. Nyumba unayokaa, unajua uliingiaje."

Akasema, "Kila aliye ndani ya nyumba aliingia kwa utaratibu wa ushirika. Kama kuna mwenye ushahidi tofauti, autoe."

Nilimgeukia mzee mmoja wa kamati ile tuliyoiambia tumebadilishana. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikawageukia wale niliolinda nao tanuri. Kuna mama ambaye mwanawe nilimfundisha kusoma bila malipo, jioni, kwenye turubai. Alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba. Nikakaa.

Wakainua mikono. Sikuhesabu, na haikuhitaji kuhesabiwa. Waliokuwa na nyumba walikuwa wengi kuliko sisi, na sisi ndio tuliowafanya wawe wengi. Yule mama wa dagaa, ambaye naye alikuwa amekwisha kupata nyumba, ndiye pekee katika wenye nyumba aliyebaki na mikono mapajani. Jirani yake alimgusa kwa kiwiko. Akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya kusikika, kwamba mikono yake imechoka kwa udongo na haiinuki. Kaka yake hakuongea naye miezi mingi kwa ajili hiyo.

Baba yako aliniinua kwa kwapa kama mgonjwa. "Twende, Edna."

Baadaye alikwenda na lori kuchukua matofali yaliyopangwa pale chini, yale ya kwetu tuliobaki. Mlinzi alimzuia. Mlinzi mwenyewe alikuwa mwenzetu wa bondeni. Alisema, "Elieza ndugu yangu, usinitie matatizoni, hayo si yenu tena." Baba yako akageuza lori. Leo matofali yale ni ule ukuta mrefu uliozunguka maghala ya yule tajiri, na baba yako anapita hapo kila siku akienda Kemondo. Kifuta jasho walitupa, tukakipokea. Usiniulize zaidi kuhusu hilo.

Wewe uliendelea kuuliza lini tunahamia kwenye nyumba yetu. Nilikuambia bado kidogo. Nilikuambia hivyo mara nyingi, mpaka siku moja ukaacha kuuliza, na sikujua nani alikuambia. Labda hakuna. Labda ulipita tu ukaona ukuta.

Unajua yaliyofuata, maana umekua ndani yake. Tumepanga hapa Kahororo kwenye vyumba hivi vitatu. Nyumba za Ushirika zimebadilika: baadhi wameuza wakaondoka, wageni wameweka mageti, tangi la pamoja limekauka kwa sababu hakuna wa kulitengeneza, na ule ukumbi umefungwa kwa mabati kuwa duka la simenti. Baba yako anawasalimia wote. Anasema hana kifua cha kubeba watu wengi namna ile. Mimi nimewabeba. Niliacha kikundi cha akina mama, nikaacha kwaya, nikaacha kuazimana hata ungo na majirani. Mtu akinifanyia wema ninatafuta anachokitaka. Nimekulea katika nyumba ya namna hiyo, na kama umekuwa msichana anayefunga daftari lake mtu akipita, sehemu yake ni mimi.

Miaka mingi nilijiuliza nilikosea wapi. Nilikuwa nadhani kosa langu ni kutoa ile zamu. Sidhani hivyo tena. Mtoto alikuwa anakohoa; hata leo ningetoa. Kosa langu lilikuwa kutotaka watu waone. Nilijisikia mtu mwema sana pale uani, na huo wema niliutaka uwe wa watu wawili tu. Ningesema mkutanoni, Hidaya angeona haya kwa siku moja na mimi ningekuwa na watu wote kama mashahidi. Na kosa letu sote, ambalo tulilifanya tukiwa na furaha, ni kwamba tuliweka utaratibu ambao aliyekwisha kupata ana kura sawa na ambaye bado. Hatukuwaza kwamba mtu akilala chini ya paa lake mwenyewe miaka kadhaa, atasahau kabisa turubai. Tulidhani tunajuana.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpaka Ijumaa.

Alipobisha hodi nilidhani ni wewe. Alikuwa amezeeka, sikuwa nimemtazama kwa karibu muda mrefu. Alisema, "Naomba unikaribishe, hata kama ni hapa mlangoni." Nilimpa kiti. Maji sikumpa.

Akasema, "Nimesikia Asimwe anakwenda Mwanza kusoma unesi."

"Ndiyo."

"Edna, sijaja kuomba unisamehe. Nimekuja kukuambia kwa nini, halafu utajua mwenyewe."

Nikamwambia kwamba sababu naijua, walitaka hati, wakauza. Akatikisa kichwa.

"Mimi sijauza. Nipo kwenye nyumba ile ile. Nilikuwa nakuogopa."

Sikumwelewa. Nikamuuliza, "Ulikuwa unamwogopa nani?"

"Wewe. Tangu siku ile uliponipa ufunguo. Kila ukija kututembelea, ukiangalia dari, ukisema chumba kimepata hewa nzuri, mimi nasema moyoni, leo ataidai. Swalehe alikuwa ananiambia nyumba si yetu, ni ya Mwalimu, siku mkigombana tunatoka na vikapu. Nikawa naogopa hata kukukasirikia. Nikawa nakusifia chakula hata kikiwa hakina chumvi. Wale waliotaka hati walipolijua hilo waliniambia, ukisimama na foleni, kitu cha kwanza kitakachoulizwa ni uliingiaje wewe. Ukikubali hati, hakuna atakayekutoa milele."

"Ungeniuliza."

"Ungesema ni yangu."

"Ndiyo! Ningesema ni yako!"

"Na mimi nisingekuamini," akasema. "Nani huamini kitu kama kile, Edna? Mtu akupe nyumba, asitake lolote?"

Mwanangu, nilikuwa nimejiandaa miaka yote hii kwa mtu mwenye tamaa. Kwa mtu mwenye tamaa nilikuwa na maneno tayari. Hili sikuwa na maneno yake. Katika miaka niliyoihesabu kuwa miaka yangu ya urafiki, ile ya kuazimana chumvi na kucheka, mwenzangu alikuwa akininyatia kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Kwa hiyo hakuninyang'anya nyumba tu. Amekuja Ijumaa ameninyang'anya na ile miaka. Nilikuwa nimebakiwa na hiyo.

Nilimwambia aondoke. Alisimama. Mlangoni akasema dada yake yuko Mwanza, karibu na chuo chako, ana chumba kitupu na ni mtu wa heshima, na kwamba ukitaka ukae kwake bure mpaka umalize. Nikasema hapana, kabla hajamaliza. Nikasema mwanangu hahitaji chumba chake. Ndipo ulipoingia wewe ukapishana naye.

Sasa hicho ndicho nilichokupunja. Kulikuwa na chumba, kilikuwa chako, na mimi nilikikataa bila kukuuliza, wewe ukiwa barabarani unarudi. Nimelifikiria sana. Nimeona nimesimama kwenye ukumbi ule ule, ila safari hii mimi ndiye ninayesoma karatasi.

Kesho Hidaya atakuwepo bandarini. Alimwambia baba yako atakuja, hata nikinuna. Mimi sitazungumza naye. Sijafika huko, na sitaki kukudanganya kwamba nitafika. Lakini ugomvi huo ni wangu, nimeulipia mwenyewe, sikupi uubebe pamoja na mizigo yako. Ukikitaka chumba, mfuate umwambie kwa kinywa chako. Sitakasirika. Pengine nitakasirika kidogo, halafu yatapita.

Ila akikuambia ni cha bure, kataa. Mwambie utamlipa dada yake kodi kama mpangaji yeyote, hata iwe ndogo, na baba yako awepo mnapopatana, na shangazi yako, na kila atakayetaka kusikia. Sitaki ulale kwenye chumba cha mtu ukiogopa hatua zake koridoni. Wala sitaki yeye akuogope wewe.

Mama yako anayekupenda,
Edna